Zizi la Mjomba kwenye Ramani ya Dunia

Nyumba ya bati inaonekana kutoka angani, ya nyasi haionekani kirahisi. Mjomba wangu wa kijiji cha Nyandage, mkoani Mara, ana nyumba ya nyasi anamoishi tangu alipooa, na nyuma yake ana choo alichokiezeka bati jipya mwaka ule mahindi yalipopata bei. Kwenye ramani ya dunia, ile inayochorwa kwa intaneti na watu wa kujitolea, mjomba alikuwa na majengo mawili. La kwanza ni choo. La pili ni duara kubwa katikati ya mji wake, ambalo mchoraji aliliona zuri akalipa heshima ya jengo: zizi la ng'ombe. Nyumba yenyewe haikuwapo.

Nilipomwonesha kwenye simu hakukasirika. Aliinyoosha mbali na macho, akaitazama kwa muda, akauliza, "Huyu aliyechora alipita lini hapa bila kusalimia?"

Nikamweleza kwamba hakupita. Alikaa kwao, labda Ujerumani, labda Japani, akatazama picha ya setilaiti na kufuatisha kila kilichong'aa. Mjomba akatikisa kichwa kwa huruma. "Sasa mura, mtu mzima anakaa Ujerumani anachora choo changu. Hana ng'ombe wa kuchunga?"

Ramani hiyo ni OpenStreetMap. Ilianza Uingereza mwaka 2004, mwanzilishi wake akiwa Steve Coast, na sharti lake ni jepesi: yeyote achore anachokijua, na yeyote amsahihishe aliyechora. Tangu mwaka 2010 Microsoft imewaruhusu wachoraji kutumia picha zake za angani. Mwaka huohuo, baada ya tetemeko la Haiti, ikazaliwa taasisi ya Humanitarian OpenStreetMap Team, ambayo hukata eneo lisilo na ramani katika viraba. Unachukua kiraba, kinafungwa mwingine asikiguse, unachora njia na nyumba, unakiachia, kisha mtu mwingine anakikagua. Huku tumelala, mtu wa upande wa pili wa dunia anakunywa kahawa yake na kumalizia njia ya kwenda kisimani kwetu.

Sisi Wakurya hatukusubiri intaneti kufanya kazi kwa kundi. Tuna risaga. Mwenye shamba anapika pombe, majirani wanakuja na majembe, na palizi ambalo lingemchukua peke yake siku nyingi linaisha kabla jua halijakaza. Tofauti ni moja, na humo ndimo vilimozaliwa visa vyote nitakavyosimulia. Kwenye risaga kila mtu anaona nani ameshika jembe na nani amekuja kukagua chungu. Kwenye kazi ya intaneti aliyeshika jembe yuko Ujerumani, aliyeko shambani hana bando, na anayekagua chungu ndiye admini.

Hapa niweke utani kando kidogo. Ramani hizi hazikuletwa Mara kwa ajili ya vyoo. Mradi wa Crowd2Map Tanzania, ulioanzishwa mwaka 2015 na Janet Chapman wa Uingereza, uliwekwa kwa sehemu kubwa ili kusaidia wasichana wanaokimbia kukeketwa. Msimu wa jambo hilo kwetu huja Desemba, shule zikifungwa, hasa katika miaka inayogawanyika kwa mbili, ingawa sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18. Mugumu, wilayani Serengeti, Rhobi Samwelly na wenzake wa shirika la Hope for Girls and Women wanawapokea wanaokimbia. Huku Tarime kuna kituo cha Masanga, kwa majirani zetu. Msichana, au mwalimu wake, anapiga simu usiku na kutaja kitongoji. Gari linaondoka. Kitongoji hakiko kwenye ramani yoyote. Dereva anaambiwa "ukifika kwenye mti mkubwa kata kulia", usiku, porini. Ndiyo sababu maelfu ya watu wa nchi mbalimbali walikaa kuchora, na ndiyo sababu vijana wa vijijini wakapewa sehemu ambayo setilaiti haiiwezi: kuandika majina. Kabla yao vijana wa Kibera, Nairobi, walikuwa wameshafanya hivyo mwaka 2009, mtaa wao ulipokuwa doa tupu kwenye ramani, na Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria ulianza mwaka 2015 kwa sababu ya mafuriko.

Wenzetu waliingia kwa mlango huo wa heshima. Sisi wa Nyanungu, niseme kweli, tuliingia kupitia harusi.

Kuna Kegonga mbili, na jambo hili halisemwi vya kutosha. Ipo Kegonga ya kata ya Nyanungu, wilaya ya Tarime, yaani kwetu. Na ipo Kegonga ya Kuria East, kaunti ya Migori, Kenya, ambayo ina ofisi za serikali na kwa hiyo simu inaijua zaidi. Ukitafuta wa kulaumu, anza na mwaka 1886. Waingereza na Wajerumani walikaa Ulaya na ramani mezani, wakapiga mstari kutoka pwani penye mdomo wa mto Umba hadi Ziwa Victoria. Kwa ajili ya mlima Kilimanjaro waliupinda. Kwa ajili ya Wakurya hawakuupinda. Nayo ilikuwa kazi ya ushirikiano ya watu wa mbali, ila hiyo hakuna aliyepewa ruhusa ya kuisahihisha.

Basi mdogo wangu alikuwa anaoa, na suti yake, iliyoshonwa Kariakoo, ilibebwa na shemeji yetu wa Dar es Salaam. Shemeji ni mtu mwema anayeiamini simu kuliko binadamu. Aliposhuka stendi ya Tarime, kondakta alimwelekeza gari la upande mmoja, mama wa ndizi akamwelekeza gari lilelile, na yeye akawaonesha wote wawili mstari wa buluu kwenye skrini. Mstari wa buluu ukampeleka Sirari. Muda si mrefu ujumbe ukaingia kwenye grupu la kamati ya harusi: "Nimefika mpakani. Naulizwa hati ya kusafiria. Harusi hii iko nchi gani?"

Grupu lilikuwa na kila aliyechangia na wengi waliowahi kuahidi. Mmoja akajibu, geuza upesi. Mwingine akajibu, vuka tu, utatokea. Ndugu yetu wa Mwanza, ambaye hajarudi nyumbani tangu barabara ya kwetu ilipokuwa njia ya ng'ombe, akatuma ujumbe mrefu wa sauti akieleza mahali pa kuvukia mto. Mtu mwingine akatuma picha ya maua yenye maneno "Asubuhi njema", saa nane mchana. Mhasibu wa kamati, kwa kuwa watu walikuwa hewani, akaorodhesha wasiomaliza michango, na shemeji mwenyewe alikuwamo. Kisha shangazi yetu aliyeolewa Ntimaru, ng'ambo ya mpaka, akaandika kwa moyo mweupe, "Mwacheni aje, hata huku tuna harusi Jumamosi hii."

Mdogo wangu alifunga ndoa na suti ya mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu ni mtu wa mwili, na mdogo wangu alikuwa amekondeshwa na ng'ombe wa mahari. Ikabidi koti livutwe kwa nyuma na kushikwa kwa vibanio vya kuanikia nguo, naye akaonywa asigeuke. Katika picha zote za siku ile anawatazama waumini. Mchungaji alipomwomba amgeukie mkewe, alizungusha macho tu. Suti ya Kariakoo iliwasili watu wakiwa wanamalizia kichuri, na shemeji akahudumiwa vizuri, kwa sababu kwetu mgeni aliyepotea hulishwa kwanza, huchekwa baadaye.

Hapo wazee wakasema Kegonga yetu iandikwe kwenye ramani isomeke, na kila njia iwekwe jina lake. Vijana tukakabidhiwa kazi. Grupu la harusi halikuvunjwa, lilibadilishwa jina tu likawa la ramani, na kwa adabu hakuna aliyeondolewa. WhatsApp imeruhusu grupu kufika watu 1,024 tangu mwaka 2022, kwa hiyo nafasi ilikuwepo. Mpaka leo kuna mtu yuko Geita anayeuliza harusi ni lini.

Tatizo la kwanza lilikuwa akina Chacha. Msomaji asiye wa Mara anapaswa kuelewa kwamba majina yetu ni machache na tunayapenda. Kuna Chacha Marwa, kuna Marwa Chacha, na kuna Chacha mwana wa Marwa mwana wa Chacha, ambaye akiandika kwa kifupi hafupishi kitu. Ukiuliza grupuni, "Chacha, ile njia ya zahanati umeimaliza?", unajibiwa na Chacha asiyehusika, kwa ukamilifu, na kwa kuwa amejibu vizuri Chacha anayehusika anaona swali limekwisha. Njia ya zahanati ilitangazwa kuwa tayari mara kadhaa kabla mtu hajaikanyaga.

Tulifungua pia karatasi ya pamoja ya mtandaoni, ile ambayo wengi wanaiandika kwa wakati mmoja, aina ambayo Google wameitoa bure tangu mwaka 2006. Wazo lenyewe ni la zamani zaidi: tarehe 9 Desemba 1968, San Francisco, Mmarekani Douglas Engelbart aliwaonesha watu ukumbini jinsi yeye na mwenzake aliyekuwa mji mwingine walivyofanyia kazi maandishi yaleyale kwenye skrini moja. Ukumbi ulisimama kumpigia makofi. Lakini yeye alionesha kazi ya watu wawili tu, na hakuna hata mmoja aliyeitwa Chacha.

Karatasi yetu ilikuwa ya kuorodhesha kaya zinazotumia kila kisima, maana wazee walisema tukishapita mlango kwa mlango tusirudi mikono mitupu. Mwenzetu mmoja wa mjini aliitengeneza akaweka safu ya "mume" na safu ya "mke". Tukafika kwa bibi mmoja, tukamuuliza jina la mume. Akasema mume hakuna, mume ni yeye, na mke wake yuko kisimani. Hakuna cha ajabu hapo. Ni nyumba ntobhu, ndoa ya kwetu ya tangu zamani, ambamo mwanamke asiye na mtoto wa kiume huoa mwanamke mwenzake kwa ng'ombe ili nyumba ipate watoto. Kijana wetu akaandika jina la bibi kwenye safu ya mume. Usiku yule wa mjini akaliona, akadhani ni kosa la kuandika, akalihamisha. Asubuhi kijana akalirudisha. Usiku likahama tena. Bibi huyo aliolewa na kuachwa kwenye ile karatasi mara nyingi kuliko mtu yeyote katika historia ya tarafa, naye amekaa kivulini anapepeta ulezi, hana habari. Mwishowe safu zote mbili zikafutwa, ikabaki moja: "mwenye mji". Nadhani hata kwa kaya nyingine ilikuwa sahihi zaidi.

Kuhusu mwenyekiti wetu wa kitongoji, mimi namtetea. Yeye mwenyewe hutumia kitochi. Namba aliyoiingiza grupuni ni ya simu janja ya nyumbani, na nyumbani simu janja ina mwenyewe, mwanawe wa darasa la nne. Sisi hatukujua. Tulichojua ni kwamba hatujawahi kupata kiongozi mwepesi hivyo. "Mwenyekiti, njia ya mnadani tuiandike hivi?" Jibu papo hapo: "Nakubali." "Mwenyekiti, tuanze kupita Jumatatu?" "Nakubali." Katika furaha hiyo mmoja wetu akajaribu bahati: "Mwenyekiti, kamati ikija kwako kutakuwa na mbuzi?" "Nakubali."

Tukaenda. Mwenyekiti alikuwa anapasua kuni, amevaa nguo za kupasulia kuni, na alipoona kundi zima linaingia na simu mkononi alidhani kuna msiba ambao hajaambiwa. Tukamsomea maazimio yake. Alisikiliza yote hadi mwisho, akamwita mwanawe. Mtoto akaeleza bila wasiwasi kwamba ujumbe wetu ulikuwa unaziba mchezo wake wa magari, na amegundua kuwa watu wazima ukiwajibu "nakubali" wanaondoka. Nimehudhuria semina za uongozi ambazo hazikunifundisha jambo zito kiasi hicho. Mbuzi alichinjwa, maana neno limetoka kwa mwenyekiti, na mwenyekiti hana desturi ya kurudisha neno.

Kazi ya miguu ndiyo iliyokuwa na uzito, na hapa sitaki kuwacheka watu wangu. Nyanungu inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Habari ya vigingi vya mpaka wa hifadhi na vijiji, Kegonga na Nyandage vikiwamo, ilifika hadi bungeni mwaka 2023. Kwa hiyo kijana anayepita vichochoroni, anasimama, anaielekeza simu angani, anabonyeza, anaandika, hapiti kimyakimya. Kila mji tuliulizwa: mnapima kwa niaba ya nani? Tukisema tunaandika majina tu, tunaulizwa: ya nini, na sisi majina yetu tunayajua? Ni swali la haki. Mtu aliyewahi kuona mstari ukichorwa mbali na kesho yake ukafika shambani kwake ana kila sababu ya kuiogopa ramani. Tulijifunza kuanza na salamu ndefu, kukaa, kunywa uji, na kumwonesha mwenye mji alichoandikiwa kabla ya kukituma. Hata hivyo mama mmoja aliagiza nyumba yake ifutwe. Jirani yake aliposikia imefutwa, akataka ya kwake ikuzwe.

Kutuma nako kulikuwa na mambo. Kilima chenye mtandao mzuri kuliko vyote ndicho kilicho karibu zaidi na Kenya. Ukifika juu, simu inapokea ujumbe wa kukukaribisha nchi jirani ilhali umekaa kwenye jiwe la babu yako. Bando letu la kawaida halivuki mpaka. Salio ndilo linalovuka, tena halirudi. Vijana wakabuni namna ya kukaa upande mmoja wa jiwe wakiwa wameinama na simu ikiwa chini ya kifua, na wapita njia wakaanza kusema kwamba kanisa jipya limefunguliwa kilimani.

Majina sasa. Mwenye kibanda kimoja, muuza chumvi, sabuni na vocha, alitaka aandikwe "Nyanungu Mega Shopping Mall". Tukamwambia kanuni ya ramani hii ni kuandika kilichopo, na pale hapakuwa na kibao. Akaridhika, akatuaga vizuri. Tuliporudi upande ule kibao kilikuwepo, kimepakwa rangi nyekundu, ni kirefu kuliko kibanda na kimeegemezwa kwenye mti wa jirani. Kanuni ni kanuni, tukaandika. Nasikia kuna mtalii aliwahi kusimama hapo akiuliza ngazi za umeme.

Mgogoro mkubwa ulikuwa wa kijito. Wa upande wa juu wanakiita jina moja, wa upande wa chini wanakiita jingine, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyejali, kwa kuwa hakuna mahali palipolazimisha jina moja. Ramani ikalazimisha. Kijana wa juu akaandika la juu. Usiku, kijana wa chini akalifuta akaweka la chini. Ramani hii huhifadhi kila badiliko, na nani kalifanya na lini, basi ugomvi wote ukawa una maandishi. Watu wa nje wakaanza kuingilia. Mchoraji mmoja wa Ulaya akatuandikia kwa upole akiomba tumpe ushahidi wa jina. Ushahidi upi? Tulitaka kumtumia bibi.

Grupu lilishindwa kabisa kuamua. Kila upande uliita ndugu zake walioko mijini, na ndugu wa mijini ndio wakali zaidi kwa kijito wasichokinywa. Hatimaye wazee wakaitisha ritongo, yaani baraza, watu wakakaa chini ya mti, simu zikawekwa mfukoni. Waliongea asubuhi nzima. Mzee mmoja, ambaye hajawahi kugusa simu janja, akauliza kama ramani hiyo ina sheria inayokataza kitu kimoja kuwa na majina mawili. Tukatazama. Haina. Kuna nafasi ya jina la pili, imekuwepo siku zote. "Basi mlikuwa mnagombania nini?" akauliza, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kujibu. Ugomvi ulioikalia simu muda wote ule uliisha kabla togwa halijamalizika.

Kuna grupu jingine, la tembo, na hilo ndilo lenye faida ya kuonekana kwa macho. Tembo wakitoka hifadhini kuja mahindini, wa kwanza kuwaona anaandika, na wengine wanatoka na madebe, tochi na kelele. Ni mpango mzuri sana mahali penye mtandao. Mjomba wangu yuko bondeni. Ujumbe unamfikia anapopanda kuchunga asubuhi, wote kwa pamoja, naye huusoma kwa mpangilio akiyatazama mabua yake kule bondeni: "Tembo wanakuja kwako." "Wamefika kwako." "Mbona hutoki?" "Wamemaliza, wanaondoka." "Pole sana." Siku moja yule ndugu wa Mwanza, akiwa hana kazi, akausambaza upya ujumbe wa zamani. Kijiji kizima kikatoka usiku na madebe. Tembo hawakuwepo, lakini mbuzi wa watu watatu walikimbilia porini kwa zile kelele, na kuwatafuta kukachukua kutwa nzima. Tangu hapo tumerudisha na filimbi. Ujumbe unaandikwa, kisha filimbi inapigwa, na mjomba anategemea filimbi.

Nyumba ya mjomba sasa imechorwa. Niliizunguka kwa miguu kutoka kona hadi kona, na zizi nikaliandika zizi. Alipoiona alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kile choo lazima kibaki pale watu wa Ujerumani wanapokiona. Nikamwambia kwenye ramani kilikuwepo kabla ya nyumba yake. Hakupenda jibu hilo.

Hukumu yangu juu ya kazi hizi za kundi la mbali ni kwamba wageni wametusaidia sana, na ningefurahi kumpa uji yule aliyechora njia ya kisimani. Wao wanaona paa. Paa la nani, njia inaitwaje, Kegonga ipi, hayo yanaandikwa na anayetembea, na anayetembea aulize kwanza. Kwetu bado kuna vitongoji vyenye nyumba zote na hakuna jina hata moja, na Desemba ikija gari litavipita tena usiku.

Kwa hiyo ninyi watoto wa Nyanungu mlioko Mwanza, Dar es Salaam, Nairobi na Muscat, mnaogombania kijito kwenye simu mkiwa na bando la kutosha, fungueni ramani muandike shule mliyosoma, zahanati mlimozaliwa, kisima mlichotekea maji. Kama mmesahau jina, pigeni simu nyumbani. Na ikipokelewa na mtoto wa darasa la nne akawaambia "nakubali", ombeni kuongea na baba yake.